Somo: Stata inagonga "tki" tu? Pima ethi kabla hujanunua kitu

Niliwahi kuifungua stata ya trekta dogo mara mbili kwa wiki moja. Nikabadilisha kaboni, nikanunua betri mpya, na bado nikigeuza ufunguo nasikia "tki" moja kavu, basi. Mchawi alikuwa bolti ya waya wa hasi, iliyokazwa vizuri kabisa juu ya rangi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipaka lile trekta rangi. Tangu siku hiyo sigusi stata ya mtu kabla sijapima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na ndiyo maana naandika somo hili.

Kwenye trekta la volti 12, upande wa hasi wa betri umefungwa kwenye chuma cha trekta chenyewe. Waya wa chanya unapeleka umeme kwenye stata, taa, geji na gloplagi (plagi za kupasha injini joto). Umeme ukishafanya kazi yake hurudi kwa kupita kwenye bloku ya injini, giaboksi na fremu, mpaka ule waya mnene wa hasi. Ethi ndiyo hiyo, wengine huiita bodi. Safari ya kwenda kila mtu huikagua kwa sababu ina fyuzi, swichi na waya za rangi rangi. Safari ya kurudi ni bolti na chuma tu, tena chuma chenye matope, kwa hiyo hakuna anayeitazama.

Matrekta madogo huteseka zaidi kwenye jambo hili. Yanatetemeka, yanaoshwa kwa maji ya presha, na yanabeba mbolea ambayo vumbi lake huvuta unyevu na kula shaba. Boneti mara nyingi ni ya plastiki, madigadi yamekalia mipira, na fremu ya kumkinga dereva imepakwa rangi nzito kila upande. Kila kimoja kati ya hivyo hukata njia ya umeme kisipowekewa waya wake wa kurudi.

Dalili

Stata kugonga bila kuzunguka, au kuzunguka kwa uvivu hali betri ni nzima. Taa kubwa kufifia kila indiketa inapopepesa. Mshale wa joto kupanda ghafla ukiwasha taa, na kushuka ukizima. Relei (swichi inayowashwa kwa umeme) kulia "trrrr" kama panzi. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ile ya tatizo kuja na kuondoka: leo linawaka, kesho haliwaki, ukitikisa waya linawaka tena. Kifaa kilichokufa huwa kimekufa. Kinachokufa na kufufuka, tazama miunganisho yake.

Hatua ya 1: Trekta litulie, betri ithibitike

Gia huru, breki ya mkono, PTO (shafti ya kuzungusha vifaa vya nyuma) imezimwa, vigingi kwenye magurudumu. Vua pete na saa. Spana au pete ikiunganisha chanya na chuma, utaungua mpaka mfupa.

Pima betri kwa mita ya umeme injini ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza, maana betri dhaifu itakudanganya kwenye kila kipimo kinachofuata. Kisha pima mtu akipiga stata: ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, shughulika na betri kabla ya ethi.

Hatua ya 2: Macho na mikono

Ufuate waya wa hasi kutoka betri mpaka unapoishia. Ukunje, uuvute, uuzungushe. Unga wa kijani au mweupe, mpira uliovimba karibu na kichwa (kile chuma cha kufungia mwisho wa waya), waya unaolia "kwaru kwaru" ndani ukiukunja: hizo zote ni dalili za shaba iliyooza. Kutu ya shaba husafiri ndani ya mpira, kwa hiyo kichwa kinaweza kung'aa huku sentimita tano nyuma yake pamebaki unga mweusi.

Hatua ya 3: Pima volti zinazopotea

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe, si kile kichwa kilichoivaa. Kiungo cha kichwa na nguzo nacho ni mshukiwa, ukigusa kichwa umekiachia huru. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha bloku ya injini, mahali pasipo na rangi wala mafuta. Trekta likiwa kimya mita itasoma sifuri au karibu yake, na hiyo haina maana yoyote.

Sasa mwenzako apige stata huku ukisoma. Vuta kamba ya kuzimia ili injini isiwake kabla hujamaliza. Usizidishe sekunde kumi, na uipumzishe stata dakika moja kabla ya kurudia.

Volti 0.2 au chini: ethi nzima, katafute kwingine. Kati ya 0.2 na 0.5: inachoka, isafishe. Zaidi ya 0.5: umempata. Nimewahi kusoma volti 3 kwenye trekta ambalo mwenyewe aliapa kwamba waya zote ni mpya. Kweli zilikuwa mpya, ila zimefungwa juu ya kutu ya zamani.

Kwa nini mita ionyeshe volti mahali ambapo "hakuna umeme"? Kwa sababu umeme ukisukumwa kupita mahali pembamba huacha sehemu ya nguvu yake hapo. Hizo volti unazozisoma ndizo ambazo stata imenyimwa.

Hatua ya 4: Gawa njia vipande

Ncha nyeusi ibaki kwenye nguzo. Ncha nyekundu isogeze kituo kwa kituo, ukipiga stata kila mara: kwanza kichwa cha betri, kisha kichwa cha mwisho wa waya, kisha bolti, kisha chuma kando ya bolti, kisha bloku, mwisho ganda la stata yenyewe. Namba inaporuka ghafla, ugonjwa uko kati ya kituo hicho na kilichotangulia. Kiungo kimoja kizuri hakipotezi zaidi ya volti 0.1.

Hatua ya 5: Safisha na ufunge

Toa waya wa hasi kwanza, urudishe mwisho. Sugua kichwa, bolti na chuma kwa brashi ya waya na msasa mpaka ving'ae, hasa duara la chuma ambalo kichwa kinalikalia. Tindikali iliyokauka kwenye betri itoe kwa maji yenye soda ya kuokea, lakini yasiingie ndani ya betri. Tumia washa (pete ya chuma ya chini ya bolti) yenye meno, kaza, halafu paka grisi au mafuta mazito ya kupaka juu ya kiungo kizima. Waya uliooza usiukate na kuunga kwa kusokota. Badilisha mzima kwa unene uleule au zaidi.

Rudia kipimo cha hatua ya 3. Usipopima tena hujui kama umetengeneza au umebahatisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nimepima waya wa hasi kwa omu (kipimo cha upinzani), unasoma 0.0. Kwa hiyo ethi yangu ni nzima, na stata mpya nimeshanunua. Nifunge?

Jibu: Subiri kwanza ndugu yangu. Kwenye omu, mita hutuma umeme kidogo mno. Waya ukibakiza nyuzi tatu tu zinazogusana, utasoma 0.0 bila wasiwasi. Ni sawa na kupima uimara wa daraja kwa kupitisha kuku. Stata ya dizeli ndogo huvuta ampea mia na kitu. Chukua ampea 150 na upinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiuoni: umepoteza volti 1.5. Fanya hatua ya 3, boksi la stata usilifungue.

Swali: Sina mita, nina taa ya kupimia na waya za kubusti. Nitafanyaje?

Jibu: Waya za kubusti zinakutosha kwa stata. Chukua mmoja, bana nguzo ya hasi ya betri, upande wa pili bana chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, ethi yako ya asili ni mbovu, na umejua bila kutumia namba. Taa ya kupimia itakufaa kwa vitu vidogo kama taa na geji: bana klipu yake kwenye chanya ya betri, gusa ncha kwenye ethi unayoishuku. Ikiwaka hafifu, hapo pana kasoro. Kwa stata usiiamini, mzigo wake ni mdogo.

Swali: Kebo ya mafuta ya mkono, ile ya kuongeza kasi ya injini, ilitoa moshi nilipopiga stata mara kadhaa. Sasa ni ngumu kama imechomelewa. Inahusiana?

Jibu: Sana, na acha kupiga stata kabisa mpaka utengeneze. Umeme ukikosa njia ya kurudi haukai kusubiri, unatafuta nyingine. Ukapita kwenye kebo kutoka injini hadi dashibodi. Inatokea hasa pale injini imekalia mipira, na mkanda wa ethi kati ya injini na fremu umekatika au alisahau kuurudisha aliyefanya kazi mara ya mwisho. Weka mkanda, halafu badilisha kebo. Hiyo iliyokakamaa inaweza kukwama injini ikiwa inazunguka kwa kasi.

Swali: Yangu inaunguza fyuzi ya taa kila nikiwasha. Nimesafisha ethi zote, bado.

Jibu: Hilo si tatizo la ethi mbovu, ni shoti, yaani umeme umepata ethi mapema kuliko ilivyotakiwa. Ethi mbovu hufifisha, haiunguzi fyuzi. Tafuta waya wa chanya uliochubuka, hasa unapopita kona ya chuma chini ya kiti. Na usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Swali: Nikiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja. Taa nimefunga mwenyewe kwenye fremu ya kumkinga dereva.

Jibu: Taa zako zinarudisha umeme kupitia bolti za fremu, na bolti zimekalia rangi. Indiketa ikikosa njia hurudi kwa kupitia balbu za jirani, nazo zinawaka bila kuombwa. Usikwangue fremu, utaialika kutu. Vuta waya mmoja wa ethi kutoka taa zote mpaka kwenye chuma cha giaboksi au nguzo ya hasi.

Swali: Fundi wa kwetu anapaka grisi kabla ya kukaza. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mafundi tunabishana juu ya hili kila siku. Grisi nyembamba husukumwa nje bolti inapokazwa, kwa hiyo haiharibu. Mimi nakaza chuma kwa chuma kwanza, grisi baadaye, maana wengi hupaka kama siagi na wanaacha mchanga umo humo.

Swali: Ni mimi wa 0.0. Nimepima nikipiga stata: 1.4. Nikasogeza ncha, inaruka kwenye bolti ya giaboksi. Chini ya kichwa kulikuwa na rangi ya kiwandani na kutu pembeni. Nimesugua, sasa 0.1, linawaka nikigusa tu ufunguo. Stata niifanyeje?

Jibu: Boksi hujalifungua? Rudisha ulikonunua leo, kabla hawajabadili mawazo.