Umepandisha toleo la Linux, diski ya data imegoma: anzia hapa

Seva ya hesabu imepandishwa toleo usiku. Asubuhi duka la Kariakoo limefunguliwa, na skrini nyeusi imeandika `emergency mode`, yaani hali ya dharura. Bosi amesimama mgongoni kwako anauliza kama hesabu zimepotea. Mara nyingi hazijapotea. Kupandisha toleo kwa kawaida hakugusi data yenyewe. Kinachobadilika ni jina ambalo mfumo unaiitia diski, au keneli mpya (kiini cha Linux) imekosa moduli, yaani kipande cha programu, ya kuisoma. Kwa hiyo soma kwanza, usiandike kitu. `mkfs` (hufuta diski na kuianza upya) na `fsck` (hurekebisha mfumo wa faili) zikae mbali kwa sasa.

Hatua ya 1: diski inaonekana?

`lsblk -f`

Isipoonekana kabisa, angalia kebo, adapta na umeme wa diski ya nje; vikiwa sawa, huenda keneli mpya imekosa moduli ya kidhibiti cha diski, basi jaribu keneli ya zamani (hatua ya 4). Ikionekana na neno `LVM2_member` (diski iko chini ya LVM, inayogawa na kuunganisha diski), andika `vgchange -ay` kisha jaribu tena. Ikiwa `crypto_LUKS`, imefungwa kwa usimbaji, lazima ifunguliwe kwa nenosiri kwanza.

Hatua ya 2: keneli inalalamikia nini?

Jaribu kumaunti (kuiunganisha diski kwenye folda) kwa kusoma tu, halafu papo hapo tazama ujumbe:

`mount -o ro /dev/sdb1 /mnt`
`dmesg | tail -30`

Weka jina la diski yako badala ya `sdb1`. Ikikubali, nakili data kwenye diski nyingine sasa hivi, kabla ya matengenezo yoyote. Bosi asubiri.

Hatua ya 3: fstab

Hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi. Fungua `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kumaunti seva inapowaka. Ukikuta mstari unaoanza na `/dev/sdb1`, umeshampata mshukiwa. Majina hayo hugawiwa kila kompyuta inapowaka, na keneli mpya inaweza kuzikuta diski kwa mpangilio mwingine. Iliyokuwa `sdb` jana, leo ni `sdc`. UUID, yaani namba ya utambulisho, haibadiliki hivyo, kwa sababu imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Ipate kwa `blkid`, kisha andika mstari hivi, ukiweka UUID yako:

`UUID=... /data ext4 defaults,nofail 0 2`

Hiyo `nofail` naipenda kwa diski za data: diski ikikosekana, seva inaendelea kuwaka, haikwami kwenye `emergency mode`. Faili likikataa kuhifadhiwa, andika kwanza `mount -o remount,rw /`. Ukimaliza:

`findmnt --verify`
`systemctl daemon-reload`
`mount -a`

Hatua ya 4: “unknown filesystem type”

Keneli haina moduli. Washa upya, na kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo seva inapowaka) chagua keneli ya zamani. Diski ikifunguka, umejua. Wenye seva kuukuu zenye ReiserFS, mfumo wa faili wa zamani, wajue kuwa iliondolewa kabisa tangu keneli 6.13 ya Januari 2025; hamisha data ukiwa kwenye keneli ya zamani, kisha tumia ext4.

Diski zinazohama kati ya Windows na Linux zina kisa chao. Moduli ya `ntfs3`, inayosoma diski za Windows, hukataa diski ambayo haikufungwa vizuri, na `dmesg` huandika `volume is dirty`. Irudishe kwenye Windows, endesha `chkdsk X: /f` (X ni herufi ya diski hiyo), halafu zima kabisa kwa `shutdown /s /t 0`. Usilazimishe kwa `force`.

Hatua ya 5: fsck, kama yote yameshindikana

Diski isiwe imemauntiwa. Kwa ext4 anza na `e2fsck -n`, inayokagua bila kurekebisha. XFS, mfumo mwingine wa faili, ina `xfs_repair -n`. Kwa Btrfs usikimbilie `btrfs check --repair`. Inaweza kuongeza madhara. Na kama `dmesg` inaonyesha `I/O error`, huenda diski yenyewe inakufa: nakili kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski mbovu, ukarabati ufanyie nakala.

Mwisho, washa upya seva ungali dukani, uone inavyowaka yenyewe. Ukiliacha hilo, utapigiwa simu ukiwa umebanwa kwenye mwendokasi kuelekea Mbagala.