Kukokotoa jinsi mkaa wa mifupa unavyonasa floridi
Mwanafunzi wa Arusha anayetaka kuelewa kwa nini mkaa wa mifupa hupunguza floridi katika maji yetu anaweza kutumia Quantum ESPRESSO, programu ya bure inayokokotoa nishati kutokana na msongamano wa elektroni, kwa nadharia iliyowekewa msingi na Hohenberg na Kohn mwaka 1964. Andaa seli moja, yaani kipande kidogo cha fuwele kinachojirudia, chenye atomu 44, ya hidroksiapatiti, madini makuu ya mifupa. Kisha pandisha kikomo cha nishati ya mawimbi ambayo programu hutumia kueleza elektroni, tuseme kutoka Rydberg (kizio cha nishati) 40 hadi 50, halafu 60, mpaka tofauti ya matokeo iwe ndogo kuliko usahihi unaouhitaji. Kazi hii inachosha, lakini anayeiruka huambulia tarakimu zisizoaminika. Ndipo uweke floridi mahali pa hidroksili (ioni ya OH iliyo ndani ya madini hayo) na ulinganishe nishati, bila kusahau nishati ya ioni hizo zikiwa majini.