Nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya 40 kwa 80 Kisumu: anza na nafasi utakayoiacha wazi

Ploti ya futi 40 kwa 80 ni kama mita 12 kwa 24. Wengi huijaza nyumba kwanza, kisha wakaanza kutafuta pa kuweka tangi na kuanikia nguo. Nawasihi tugeuze mpango huo.

1. Chora kwanza pale usipojenga. Ukuta ukigusa mpaka, upande huo hauna dirisha. Septiki, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, iwe mahali mpira wa gari la kuyanyonya unapofika.

2. Jua na upepo. Hapa msiharakishe. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la alasiri huchoma ukuta wa magharibi mwaka mzima. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, paa litokeze angalau sentimita 60 juu yake. Magharibi weka bafu, stoo au ngazi. Ila upepo wa ziwa nao hutoka huko mchana, basi usipazibe kabisa: acha dirisha dogo lenye kivuli, na jingine mkabala wake. Chumba chenye dirisha moja hakipitishi hewa vizuri, hata liwe pana vipi.

3. Punguza korido. Ya mita 1 kwa 8 imekula mita 8 za mraba. Chumba cha watoto cha 3 kwa 3 ni 9 tu!

4. Jiko na bafu vishiriki ukuta mmoja, mabomba yawe mafupi.

5. Msanifu aliyesajiliwa achore, kaunti iidhinishe, ndipo fundi achimbe.

Maswali ya wanachama

*Niko Nyamasaria, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Msingi wa kawaida utatosha?*
Hapana, ndugu. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na kuta hufuata. Chimba shimo la majaribio kabla ya kuchora, mhandisi aone ardhi ngumu iko wapi. Msingi unaweza kumeza pesa za chumba kizima.

*Mwalimu, kisima je?*
Ushauri wa kawaida ni mita 30 kutoka kwa septiki, na ploti yako yote ina urefu wa 24. Vuna mvua: paa la mita za mraba 80 likipata milimita 30 hupokea lita 2,400.

*Nijenge ghorofa?*
Ngazi huchukua mita 5 au 6 za mraba chini, na nyingine juu. Ukipanda, chumba cha mama mzazi na choo chake vibaki chini.