Ruzuku ya utamaduni: andika mfongo, usiandike "utamaduni wetu"

Andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku lilikuwa na kurasa 14, na neno "utamaduni" limo mara 61. Nilihesabu mwenyewe, baada ya kukataliwa. Mfadhili alijibu kwa mistari miwili tu: hajaelewa fedha zake zingefanya nini. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikalisoma upya, kikombe cha kahawa mkononi, nikaona mfadhili ana haki.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Kilema, mteremkoni mwa Kilimanjaro, na ni katibu wa kikundi cha watu 23 wanaotunza mfongo. Kwa msiotoka huku, mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto huko juu mlimani na kuyashusha vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya ukoo. Andiko la pili lilipita, na tangu hapo kila wiki kuna mtu anauliza tulifanyaje. Naandika hapa ili nisirudie.

Kwanza tuelewane: ruzuku si mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, utaurudisha. Ruzuku hairudishwi, ila inadai risiti na ripoti, na deni hilo nalo lina usumbufu wake.

Kilichotufungua macho kilitoka mbali. Mtoto wa kaka yangu anasoma Kanada, na siku moja alinitumia ujumbe: "Shangazi, hata huku kuna wazee wanaorekodiwa." Alikuwa anazungumzia Wainuit, wenyeji wa asili wa Nunavut, eneo la kaskazini kabisa lililoanza kujitawala Aprili 1, 1999, kufuatia mkataba wa mwaka 1993 kati yao na serikali ya Kanada. Serikali ya Nunavut ina idara ya utamaduni na urithi inayotoa ruzuku kwa miradi ya jamii. Katika kijiji cha Igloolik, wazee walianza kurekodiwa mwaka 1986, na mahojiano yakafika mamia. Tena ipo taasisi iliyozaliwa na mkataba uleule, Inuit Heritage Trust, inayokusanya majina ya kale ya mahali na kuyarudisha kwenye ramani. Ghuba, kisiwa, mlima, kila kimoja kwa jina walilokiita mababu.

Niliposoma habari za majina nikapiga paja. Kumbe kazi inayolipiwa inaonekana na inahesabika: kukaa na mzee, kurekodi, kuandika jina, kuchapa ramani. Na sisi majina tunayo! Kila tawi la mfongo lina jina. Kila nduwa, yaani bwawa la kulaza maji usiku, lina ukoo wake. Meni mfongo wetu, ndiye mkuu wa mfongo, ana miaka 84 na anazijua zamu zote za maji kwa kichwa. Hakuna karatasi popote. Basi andiko la pili likaitwa "Kurekodi majina na zamu za maji za mfongo mmoja wa Kilema", kurasa 6, na kwenye aya ya kwanza tulitaja umri wa mzee.

Wewe pia anza hapo. Tafuta kitu kimoja ambacho mtu fulani anakijua na wengine hawakijui, ukipe jina, useme ni nani atakirekodi, kwa siku ngapi, na mwisho kitabaki nini mkononi. Kwetu ilikuwa ramani 1 ya ukutani, nakala 50 za kijitabu, na sauti zenyewe.

Nyaraka hazina maajabu, ila zina mpangilio wake. Cheti cha usajili wa kikundi tulikipata halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Weka na katiba, taarifa ya benki, na muhtasari wa kikao kilichopitisha mradi, wenye sahihi za wajumbe. Barua ya utambulisho anza na ya mtendaji wa kijiji, ndipo uende kwa afisa utamaduni wa wilaya, kwa sababu wetu aliitaka ile ya kijiji kabla hajaandika yake. Na tazama tarehe: mara ya kwanza muhtasari wetu ulionyesha kikao kilifanyika wiki moja baada ya andiko kutumwa. Aibu hiyo ni yangu, katibu.

Kama mradi wako una kuchimba chochote, simama. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964, na kuchimba bila kibali ni kosa. Sisi mahandaki waliyochimba mababu kujificha vitani hatukuyagusa hata kwa kalamu.

Kuhusu UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, watu huota. Tanzania iliingia mwaka 2011 kwenye mkataba wa 2003 wa urithi usioshikika, na mkataba huo una mfuko. Lakini mwombaji ni nchi, si kikundi, kwa hiyo njia ni kupitia wizara yenye dhamana ya utamaduni. Jirani yangu mmoja alituma bahasha Paris, makao makuu yake, kwa gharama yake mwenyewe. Anasubiri hadi leo.

Bajeti ndiyo inayosomwa kwanza, niamini. Usiandike "gharama za wazee 540,000" ukaishia hapo. Andika wazee 9, vikao 3 kila mmoja, shilingi 20,000 kwa kikao, jumla 540,000. Vifaa viwe na profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka matatu kabla hujanunua. Mimi nilizunguka maduka matatu ya Moshi mjini asubuhi moja, nikapata. Weka diski mbili za kuhifadhia, zikae nyumba mbili tofauti. Usisahau kazi ya kuandika kutoka kwenye sauti: saa 1 ya mzee anayeongea Kivunjo, Kichaga cha huku kwetu, ilinila saa 6, na mimi nimezaliwa nacho.

Halafu kuna mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Huendi kumuuliza mzee wa Kichaga habari za maji ya babu yake mikono mitupu. Nikaandika "vinywaji vya kimila", mfadhili akauliza ndiyo nini. Nikabadilisha: mbege, ndoo 2 za lita 20. Akapitisha. Muuzaji hana mashine ya risiti, kwa hiyo tulitengeneza hati ya malipo, mama akaweka dole gumba, na mjumbe mmoja akashuhudia.

Jambo ambalo nadhani lilitubeba kuliko yote ni ridhaa. Tuliandika karatasi inayosomwa kwa Kivunjo kabla rekoda haijawashwa: sauti itakaa wapi, nani ataisikia, na mzee ana haki ya kusema "hili usilichukue". Mzee mmoja alikataa katakata kurekodiwa maneno yanayosemwa pale mfongo unapofunguliwa. Hatukumbembeleza. Tulilitaja hilo ndani ya andiko, kwamba kuna maneno yatakayobaki kwa wenyewe, na mfadhili alipotupigia simu akalisifu.

Ratiba ifuate mlima. Machi hadi Mei ni masika, njia zinateleza na wazee wanakaa jikoni motoni. Desemba kazi hailali lakini pia haiendi, maana Wachaga wote wamerudi nyumbani. Sisi tuliitumia hivyohivyo: tarehe 28 tulitandaza rasimu ya ramani chini ya mgomba, waliotoka Dar wakasahihisha majina ya matawi manne, na wawili nusura wagombane.

Tuma siku mbili kabla ya mwisho. Stationari niliyozoea karibu na stendi ya Moshi umeme ulikatika saa nane mchana tukiwa ukurasa wa tatu wa kuskani, ukarudi kesho yake.

Anayetaka kuliona andiko lenyewe aje Kilema na flashi yake. Yangu imejaa sauti za wazee.