Somo: Kutumia faili la mati kwenye DaVinci Resolve (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu habari zenu. Naandika mara moja liishe, maana inbox imejaa swali lile lile: "nimetumiwa mati, nikiiweka kwenye timelaini naona video nyeusi na nyeupe, nifanyeje?" Mati ni picha au video ya weusi na weupe inayoonyesha umbo la kitu. Kwa kugredi (kurekebisha rangi na mwanga) ndani ya Resolve, programu ya kuhariri video, mati haikai kwenye timelaini. Kazi yake ni kuionyesha programu gredi ipite wapi: penye weupe inapita yote, penye weusi haipiti, penye kijivu inapita kiasi.

1. Ingiza klipu yako (kipande cha video) kwenye Media Pool (ghala la mafaili ya kazi yako) kama kawaida.

2. Ichague hiyo klipu. Kisha nenda Media Storage (orodha ya diski zako) kwenye faili la mati, bofya kulia, "Add As Matte for Media Pool Clip".

3. Ingia ukurasa wa Color, bofya kulia sehemu tupu kwenye eneo la nodi (visanduku vya hatua za kugredi), "Add Matte", chagua faili lako. Itatokea nodi ya EXT Matte.

4. Vuta waya kutoka alama ya buluu ya EXT Matte hadi alama ya buluu ya nodi unayogredi. Kijani ni picha, buluu ni mati, usichanganye.

5. Kabla ya yote hayo, mati yenyewe irendwe (itolewe kama faili) sawasawa. Hapa ndipo kazi za watu wengi zinakufa, kwahiyo tulia usome. Chukua bibi harusi mwenye shela: uso ni mweupe kwenye mati, ukuta ni mweusi, lakini shela na zile nywele ndogo za pembeni ni kijivu, na hicho kijivu ndicho kinafanya gredi iyeyuke taratibu isionekane imekatwa na mkasi. Ukirenda kwa H.264 yenye bitreti ndogo (data kidogo kwa sekunde) kingo zinakuwa na vipande vya mraba na ukipandisha mwanga vinaonekana vyote. Tumia ProRes 422 HQ, DNxHR HQX au mfululizo wa PNG. ANGALIA na levo (kipimo cha weusi hadi weupe; Video ni kipimo kifupi, Full ni kizima): faili la Video likisomwa kama Full weusi unakuwa sio weusi kamili, gredi inavuja picha nzima. La Full likisomwa kama Video, kijivu kinaliwa na shela linabaki na kingo kali. Unganisha alama ya kijani ya EXT Matte moja kwa moja hadi mwisho wa mlolongo wa nodi, tazama waveform (grafu ya mwanga): weusi ukae 0, weupe 1023. Haikai hapo? Irendwe upya.

Na mati ianze fremu moja na klipu ya asili, fremureti (idadi ya fremu kwa sekunde) ile ile. Ikiwa imetoka kwenye kipande kilichokatwa itapishana tu. Offset ya kwenye paneli ya Key inasaidia kuisogeza, ila mati sahihi ni bora.

MASWALI

Mdau: Mkuu mati yangu haionekani kabisa huko Color, msaada wa haraka!!
Jibu: Hatua ya 2, sentensi ya kwanza.

Mdau: Mbona unazunguka hivyo, si watumie Magic Mask (kifaa cha Resolve kinachotengeneza mati chenyewe) tu?
Jibu: Magic Mask ipo kwenye Studio, toleo la Resolve la kulipia. Halafu mati ya gari la 3D iliyotoka Blender inajua ukingo wa gari ulipo, wewe unataka kompyuta ikisie upya ya nini? Kila kitu na kazi yake.

Mdau: Samahani kaka, nina mati tatu, uso, gauni na ukuta. Lazima ziwe mafaili matatu?
Jibu: Swali zuri sana hili. Hapana, zipakie kwenye faili moja: uso kwenye nyekundu, gauni kwenye kijani, ukuta kwenye buluu. EXT Matte ina matokeo manne ya mati, moja la mwanga wote na matatu ya kila rangi, kwahiyo kila nodi unaipa waya wake. Inaokoa diski na zote zinaenda pamoja bila kupishana.

Mdau: Na sisi wa Premiere (programu nyingine ya kuhariri)?
Jibu: Weka klipu ya kawaida chini, nakala uliyogredi juu yake, mati juu kabisa. Kwenye nakala tupia efekti ya Track Matte Key, chagua trak ya mati na "Matte Luma". Watu wanaacha Alpha halafu wanasema haifanyi kazi.

Mdau: Hiyo alama ya kijani ya EXT Matte ina kazi nyingine?
Jibu: Ndio, kuongeza punje za filamu (chembechembe zinazoonekana kwenye picha za filamu). Ingiza skani ya punje kama mati, peleka kijani chake kwenye Layer Mixer (nodi ya kuchanganya picha), weka modi ya Overlay, halafu punguza nguvu kwenye Key Output. Anza chini kabisa, kwenye ngozi nyeusi yenye kivuli punje zinaonekana haraka.