Vifuko vya kunde: jinsi ya kuwachezesha wazee wakiwa wamekaa vitini

Mpira ukimponyoka mzee hubingirika hadi uvunguni, na mchezo unasimama mpaka mtu aufuate. Kifuko cha kunde kikianguka hutulia palepale. Hakidundi, hakikimbii, na kinashikika hata na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. Ndiyo maana kwenye makazi ya wazee ninakohudumia mpira nimeuweka kando, na vifuko 12 vya kitambaa ndivyo vinavyotuchangamsha asubuhi. Utaratibu ninaoufuata ni huu, kuanzia kushona hadi kuvihesabu vikirudi kapuni.

Hatua ya 1: Shona vifuko

Kata vipande viwili vya kitambaa kwa kila kifuko, sentimita 15 kwa 15. Usitumie kanga. Maua na maandishi yake humchanganya mzee mwenye mtoto wa jicho, asijue kifuko kinaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Nenda kwa fundi wa sare za shule, muombe mabaki ya tetroni ya rangi moja. Nyekundu na njano huonekana vizuri. Bluu na kijani wazee wengi huwapa tabu kuzitofautisha. Mimi nina 6 vyekundu na 6 vya njano.

Kunde zianike juani siku mbili, zikauke kabisa, la sivyo fukusi watakutangulia. Pima gramu 125 kwa kila kifuko; kilo moja na nusu inatosha vyote 12. Usikijaze kikafura, kiache kilegee kidogo ili kikae vizuri kiganjani. Kunde zenyewe zitie kwanza kwenye kifuko cha ndani cha marekani, kishonwe kwa cherehani mara mbili. Cha nje upande mmoja ushikize kwa mkono ili uufumue siku ya kufua, maana kunde zikilowa huvimba na kuota. Kagua mishono kila siku kabla ya kuanza. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaweza kuzitia mdomoni kunde zilizomwagika, zikampalia.

Hatua ya 2: Panga viti

Kiti kiwe na mgongo na mikono, na nyayo zote mbili zikanyage chini. Viti vya plastiki viegemeze ukutani, kwenye vigae vinateleza. Kiti cha magurudumu kifunge breki na uinue vikanyagio ili miguu iguse sakafu. Kandambili zivuliwe, na pindo la kanga au kanzu lisiburuzike.

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na sheria kuhusu vifuko vilivyoanguka. Babu mmoja aliinama kuokota chake, miguu ya nyuma ya kiti ikainuka, na mwenzangu akamdaka begani kichwa kikiwa kimeshaelekea sakafuni. Nilitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo kabla ya kuanza natangaza: "Wazee wangu, kilichoanguka ni changu mimi." Mhudumu mmoja kazi yake ni kuokota tu. Asipokuwepo, sianzi.

Kuna jambo jingine la kupanga ambalo wageni hawalioni. Kwetu pwani bibi wengi hawaoni raha kupeana kitu mkono kwa mkono na mwanamume asiye jamaa yake. Basi ninaweka nusu duara mbili zinazotazamana, akina mama huku na akina baba kule. Ndani ya nusu duara wanapokezana, na kutoka upande mmoja kwenda wa pili wanarusha.

Hatua ya 3: Piga hodi, kisha pasha misuli moto

Saa nne asubuhi ndiyo saa yetu: chai imeshashuka na jua halijawa kali. Muulize muuguzi nani ameamka na kizunguzungu. Kisha mfikie kila mmoja alipokaa, umpe shikamoo yake, umuulize, "Bibi, tucheze leo?" Akikataa mwache akae atazame, mara nyingi huishia kuwa mwamuzi, tena mkali. Usiwapigie makofi wala kuwaongelesha kama watoto wa chekechea. Hawa wamelea watu.

Kupasha misuli kunachukua dakika 5: zungusha mabega, fumba na fumbua viganja, nyoosha goti moja moja, inua visigino kisha vidole vya miguu. Mara 8 kila zoezi linatosha.

Hatua ya 4: Cheza

Anza na kupokezana. Kifuko kinapita mkono kwa mkono, na anayetoa humtaja anayepokea. Kikifika mwisho kinarudi. Mwelekeo wa pili waombe wapokee kwa mkono wa upande wa mbali, ili mkono ukatize kifua na kiwiliwili kigeuke taratibu.

Kisha sinia. Chukua sinia la bati, liweke sakafuni mita moja mbele ya mzee. Akizoea, lisogeze hadi mita moja na nusu. Sinia linazidi beseni kwa kitu kimoja: linalia. Asiyeona anasikia ameingiza, na ukiligonga kidogo kabla hajarusha anajua alenge wapi. Kifuko kikilala ndani ni pointi 2, kikigusa ukingo pointi 1. Vyekundu ni Simba, vya njano ni Yanga, na hapo hata waliosinzia huamka. Babu mmoja asiyekumbuka alichokunywa asubuhi hututajia kila akirusha kwamba Yanga ilianza 1935 na Simba ikafuata 1936.

Miguu nayo isisahauliwe. Weka kifuko juu ya kiatu, mzee anyanyue mguu, ahesabu mpaka 3, kisha akimwage kwenye beseni. Zoezi hili hutumia misuli ya mapaja, ileile inayomnyanyua mtu kutoka kitini.

Wenye mikono mizima wape mdako wa kukaa: kirushe juu usawa wa macho, kidake kwa mikono miwili juu ya mapaja. Bibi waliocheza mdako na rede utotoni hawahitaji kufundishwa. Wape nafasi wasimulie, hata mchezo ukisimama kidogo.

Hatua ya 5: Usubiri mkono ufunguke

Hapa ndipo wahudumu wengi huharakisha. Kwa mzee aliyepata kiharusi, kurusha si shida. Shida ni kuachia. Mkono unashika na haufunguki kwa amri. Usimvute vidole, wala usimvute mkono, kwani bega lililopooza huteguka kwa urahisi. Mshikilie kwa chini ya kiwiko, kisha kunja kifundo cha mkono polepole kuelekea chini. Vidole hulegea vyenyewe. Halafu nyamaza usubiri.

Kuna bibi mmoja ambaye sinia huwa namwekea magotini. Siku ya kwanza nilihesabu kimoyomoyo hadi 20 na zaidi. Kidole cha shahada kilitangulia, vingine vikafuata kimoja kimoja, na kifuko kikadondoka kwenye bati. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kisha wenzake wakampigia vigelegele. Ningemkunjulia mimi vidole, vigelegele vile visingekuwa vyake.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kuacha

Nusu saa inatosha. Mzee anayecheza aweze kuzungumza bila kuhema. Simamisha mara moja akilalamika kifua, akishikwa na kizunguzungu, au akitokwa jasho huku akitetemeka, hasa mwenye sukari. Uso ukipinda upande mmoja au maneno yakianza kumezwa, mpeleke hospitali papo hapo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani kutoyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Michezo ya kukaa haitoshi peke yake kwa mizani, kwa hiyo wanaoweza kusimama wafanye ya kusimama siku nyingine kwa msaada. Sisi tunacheza Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Mwisho nawisheni mikono, uandike kwenye daftari nani amefanya nini, na uhesabu vifuko virudi 12. Kikipungua, tafuta chini ya mito. Yule bibi wa sinia alikuwa analala na kimoja kiganjani, na muuguzi akagundua kucha za mkono uliojikunja hazimchomi tena kiganja. Nimemshonea cha kwake, chekundu, mshono mara tatu. Ni cha 13, na hakimo kwenye hesabu.