Kuomba diploma ya uuguzi kwa anayetoka kijijini: anza na jina

Dirisha la maombi la NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi Tanzania, likifunguliwa, kila mtu hukimbilia kuchagua chuo. Waache. Kama ulizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, kazi yako inaanza miezi kadhaa kabla.

Kwa watoto wa wafugaji, majina kutolingana kwenye vyeti ni jambo la kawaida: mwalimu aliandika jina alivyolisikia, karani wa wilaya naye akaandika alivyolisikia yeye. Cheti cha kidato cha nne kikisema Lembris na cha kuzaliwa Lemburisi, kwenye mkopo wa masomo utakwama. Kiapo cha haraka cha wakili kinaweza kisitoshe. Ulizia hati ya kubadili majina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Huna cheti cha kuzaliwa kabisa? Omba usajili uliochelewa wilayani. Beba kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji wa kijiji. Angalia muhuri kabla hujaondoka ofisini kwake. Mimi na mdogo wangu tulirudishwa dirishani kwa kuwa muhuri ulifunika saini. Aliyeturudisha hata barua yenyewe hakuisoma.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa diploma za afya nao huomba mkopo Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mtandaoni na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, fomu ya mkopo ichapwe, isainiwe na serikali ya kijiji na kamishna wa viapo, kisha ipandishwe tena. Mpigie mtendaji kabla hujapanda bodaboda. Mara nyingi yuko kwenye kikao, na muhuri uko naye mfukoni.

Maombi yenyewe ni mepesi: namba ya mtihani, ufaulu usiopungua D nne zisizo za dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Jaza usiku, mchana mtandao huwa hoi. Lipa kwa namba ya kumbukumbu inayotoka kwenye mfumo, si kwa simu ya mtu anayejidai kukusukumia maombi.

Kwenye machaguo, usijaze majiji matupu. Ukikusudia kuhudumia vijijini, tazama vyuo vilivyo pembeni mwa hospitali za huko. Haydom, wilayani Mbulu, wodini utakutana na Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, na utajifunza kumhoji mgonjwa kupitia mkalimani. Utaratibu wa kuomba vyuo vya mashirika ya dini na vya Serikali unaweza kubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako kwanza, si la kaka yako.